Ulevi wa Vijana: Je, Ni Damu au Ni Genge?

Ndugu wakulima, hakuna neno linalotolewa upesi katika skimu zetu kama hili: "Yule ametoka kwa babu yake." Hutolewa kijana anapoonekana akiyumba njiani saa za magharibi, na likisha tolewa watu huendelea na safari yao, kwa kuwa jambo limekwisha elezwa. Neno la pili halikawii kufuata: "Marafiki ndio waliomharibu." Hilo mara nyingi husemwa na mama mzazi. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, basi maneno haya nimeyasikia kwa wazazi wa watoto wa shule, tena nayasikia mbele ya meza yangu kwa watu waliokuja kuuliza habari za mbegu na mbolea. Kila moja lina kweli yake. Lakini jinsi tunavyoyatumia hayatufai, maana yote mawili yatupa sisi watu wazima ruhusa ya kukaa kitako. Ikiwa ni damu, nani awezaye kubadili damu? Na ikiwa ni marafiki, basi kosa ni la nyumba ya jirani.

Tuanze na damu, kwa sababu wako wasomi wa siku hizi wanaosema kwamba habari ya damu ni maneno ya kizamani. Si maneno ya kizamani. Mwaka 1973 daktari mmoja Mmarekani, Donald Goodwin, pamoja na wenzake, walitoa habari za wanaume wa nchi ya Denmark waliozaliwa na mzazi mlevi, lakini wakachukuliwa wangali wachanga, wakalelewa na watu wengine kabisa. Hawakumwona baba yao akinywa, wala hawakutumwa dukani kumnunulia. Walikuwa wanaume 55, na walipokuwa watu wazima 10 kati yao walikuwa walevi. Madaktari wakawapima pia wanaume 78 waliolelewa na watu wengine vivyo hivyo, ila wazazi wao wa kuzaa hawakujulikana kwa ulevi. Katika hao, walevi walikuwa 4 tu. Basi damu ina neno lake, wala hatuwezi kulikana.

Walakini hesabu hiyo hiyo ifanyeni kwa upande wa pili. Katika wana 55 wa walevi, 45 hawakuwa walevi. Mtu asemaye kwamba mtoto wa mlevi ni mlevi amekosea mara 45 na kupata mara 10. Mkulima akiuziwa mbegu kwa hesabu kama hiyo, haliendei tena duka lile.

Tangu wakati ule wataalamu wamewapima mapacha kwa maelfu, wale wa kufanana ambao urithi wao ni mmoja, na wale wasiofanana ambao ni kama ndugu wengine wa tumbo moja. Walilolipata ni kwamba tofauti ya watu katika kufungwa na ulevi, kama nusu yake yatokana na urithi, na nusu yatokana na malezi, mahali, watu na mambo yaliyompata mtu. Hiyo nusu ni hesabu ya watu wengi kwa pamoja. Haina maana kwamba katika kila vikombe viwili anavyokunywa mwanao kimoja amekinywa babu yake. Tena hakuna mbegu moja ya ulevi iliyojificha ndani ya mtu kama kokwa ndani ya embe. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2019, wa watu wapatao milioni 1.2, ulionyesha sehemu karibu 100 za urithi zinazohusiana na kiasi cha pombe anachokunywa mtu, na kila sehemu nguvu yake ni ndogo sana. Zinafanya kazi kwa njia mbalimbali. Nyingine zahusika na jinsi ini linavyoivunja pombe, nyingine na tabia ya mtu, kama kutotulia, kupenda mambo mapya, au kuwa na wasiwasi.

Iko moja ambayo nataka kila baba aijue. Daktari Marc Schuckit wa California alianza mwaka 1978 kuwapa pombe vijana wa kiume kwa kipimo, akitazama nani analewa upesi na nani halewi, kisha akawafuatilia kwa miaka mingi. Aliona kwamba kijana ambaye pombe haikumyumbisha upesi ndiye aliyekuwa katika hatari zaidi ya kuwa mlevi baadaye, na vijana wa namna hiyo walikuwa wengi zaidi miongoni mwa wana wa walevi. Sababu yake si ngumu kuelewa. Mwenye kulewa upesi husimamishwa na mwili wake mwenyewe: hutapika, kichwa chamwuma, kesho hataki hata kuinusa. Mwenye kichwa kigumu hana wa kumsimamisha, naye hunywa mara mbili na mara tatu ili apate kile ambacho mwenzake amekipata kwa kikombe kimoja. Sasa, ninyi mwajua jinsi sisi tunavyomfanya kijana wa namna hii. Twamsifu! Twasema, "Huyu ni mwanamume, anywa na wazee na bado asimama." Hapo twamsifu kwa alama ya hatari, kana kwamba mtu anausifu muhogo wake kwa kuwa una batobato.

Haya ndiyo ya damu. Lakini mambo yaliyosemwa mpaka hapa ni ya watu wazima waliokwisha fungwa na pombe. Habari za vijana ni nyingine, na hapa ndipo maneno yetu ya "ametoka kwa babu yake" yanapovunjika.

Katika nchi ya Finland wataalamu waliwafuata mapacha tangu utoto wao. Waliuliza kwanza: mtoto wa miaka 14 amekwisha kuonja pombe au bado? Katika jambo hili la kuanza, urithi ulikuwa na nguvu ndogo. Kilichokuwa na nguvu ni yale mazingira ambayo mapacha wote wawili walishiriki, ndiyo nyumba yao, mtaa wao, shule yao na watu waliokuwa karibu nao. Kwa vijana wa miaka 16, katika habari ya kunywa mara kwa mara, urithi ulieleza kama theluthi moja ya tofauti zao. Vijana wale wale walipofika miaka 18 na nusu, ulieleza kama nusu. Yaani damu haisemi upesi. Wa kwanza kusema ni mahali alipo mtoto, na damu huja kuongea baadaye, kama imefunguliwa mlango.

Tena waliona jambo la pili, nalo lawahusu sana wenyeji wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Katika sehemu za Finland ambako pombe iliuzwa kwa wingi, vijana walikuwa wengi, na watu walikuwa wakihamia na kuhama, nguvu ya urithi ilionekana zaidi. Katika sehemu za utulivu, ambako watu walijuana na pombe ilikuwa haba, nguvu hiyo ilionekana kidogo. Mtu atasema kwamba hao ni Wazungu wa nchi ya baridi, nao hawana habari za Mtopanga wala Mtongwe. Ni kweli. Lakini mkulima yeyote wa pwani aweza kulielewa jambo lenyewe bila kusafiri. Pandeni PH4 na mahindi ya kienyeji katika shamba moja. Mwaka wa ukame yote hulingana kwa kukauka, na hakuna atakayejua mbegu ipi ni ipi. Mvua ikinyesha vizuri na mbolea ikiwapo, ndipo tofauti ya mbegu huonekana. Basi pombe iliyo rahisi kupatikana ndiyo mvua ya mbegu hii. Mahali penye pombe kila upande, mwenye urithi mbaya ataonekana upesi. Mahali penye ukame wa pombe, aweza kufika miaka 25 akaoa na kujenga, wala hakuna aliyewahi kujua alikuwa amebeba nini.

Na hapa nawageukia wenzangu ambao katika nyumba zao hakuna aliyekunywa tangu mababu. Nao ni wengi, hasa upande wa Likoni na miongoni mwa Waislamu wa sehemu zote. Watu hawa husema kwa fahari, "Kwetu hakuna damu hiyo." Ndugu yangu, wajuaje? Damu ya nyumba yako haijapata kujaribiwa. Dini na desturi zimekuwa ukame mwema kwa vizazi vingi, na chini ya ukame huo mbegu za kila namna zaweza kuwa zimelala. Mwanao akianza kupanda feri kwenda mjini kutafuta kazi, akakaa na watu wengine kabisa, ukoo safi hautamlinda. Kilichowalinda babu zake si damu, ni ule ua uliokuwa umewazunguka.

Baba mmoja wa upande wa Kisauni alikuja ofisini kuulizia miche ya mikorosho, na mazungumzo yakafika kwa wanawe wawili, wa mama mmoja. Wa kwanza alichukuliwa na mjomba wake angali mdogo, akakua huko, akarudi na ufundi wa seremala. Wa pili alibaki shambani, na tangu akiwa darasa la tano kazi yake ilikuwa kuchukua mitungi ya tembo kutoka kwa mgema na kuipeleka mangweni, mahali pa kunywea, kisha kurudisha fedha. Sasa ana miaka 17 na hawezi kumaliza siku bila kunywa. Baba akasema kwa huzuni kwamba huyu wa pili amerithi damu ya babu yake, aliyekufa kwa ulevi. Nikamwuliza, "Na yule seremala, mzee, damu yake ni ya nani?" Alinyamaza. Sitaki kusema kwamba habari ya nyumba moja yathibitisha jambo, maana ndugu wawili hawagawi urithi sawasawa, na huenda yule wa pili kweli alipata sehemu nzito. Lakini ikiwa alipata sehemu nzito, basi katika watoto wote wa nyumba ile yeye ndiye asiyefaa kabisa kupewa mtungi.

Tuje sasa kwa genge. Mama asema mwanawe aliharibiwa na rafiki, na mama wa yule rafiki asema maneno hayo hayo juu ya mwana wa huyu, na wote wawili wasema kweli nusu. Vijana huchaguana kwanza, kisha huvutana. Asiyetulia humtafuta asiyetulia mwenzake, na hapo damu yaingia tena kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa ile tabia ya kutotulia ina sehemu ya urithi. Wakisha kukutana, kila mmoja hufanya mbele ya wenzake yale asiyoyafanya akiwa peke yake. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walitoa habari za mchezo wa gari katika kompyuta, ambao mchezaji ataka kupata alama nyingi lakini akichelewa kusimama gari lagonga. Wengine walicheza peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Watoto wa miaka 13 hadi 16 walipotazamwa na wenzao walijihatarisha zaidi sana. Watu waliopita miaka 24 hawakubadilika, watazamwe wasitazamwe. Ubongo wa kijana bado wakua mpaka miaka ya ishirini na kitu, na ile sehemu ya kujizuia hukomaa mwisho. Basi kijana wa miaka 15 mbele ya wenzake si yule kijana mnayemjua nyumbani, nanyi msishangae mkiambiwa aliyoyafanya.

Kisauni twalijua jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ya 2010 vilisikika vikundi kama Wakali Kwanza na Wakali Wao, vilivyowavamia watu njiani kwa mapanga, na baadhi ya waliokuwamo walikuwa watoto wa umri wa kwenda shule. Sisemi kwamba pombe peke yake ndiyo iliyowafanya. Nasema kwamba hakuna hata mmoja wao ambaye angefanya vile akiwa peke yake nyuma ya nyumba ya mama yake.

Dawa ya genge tumezoea kuwa ni kumchapa mmoja mmoja. Wenye minazi mwamjua chonga, yule mdudu mwenye pembe atobowaye kilele cha mnazi. Mwaweza kupanda na kumtoa kwa chango la waya, mnazi baada ya mnazi, na kesho amerudi, maana hazaliwi huko juu. Huzaliwa chini, ndani ya magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi yaliyoachwa. Bwana Shamba hachoki kuwaambia mwondoe magogo. Vijana nao wana gogo lao. Ni ile maskani ambayo haina mpira, haina kazi, haina mtu mzima isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye anayeuza. Changamwe huwa karibu na mahali malori yanapolala. Likoni huwa si mbali na njia ya feri, ambako kijana akibeba mzigo mmoja amepata fedha ya kutosha kununua kichupa. Katika skimu huwa chini ya minazi yetu wenyewe.

Na hapa lazima tuseme wazi juu ya mnazi, ingawa najua kwamba wasomaji wengi wa gazeti hili wamesomesha watoto kwa fedha za tembo. Mimi si mmoja wa wale wanaotaka minazi ikatwe. Mnazi unaogemwa huleta fedha kila siku, na nazi huchukua karibu mwaka kukomaa. Mwenye karo ya kulipa hana subira ya mwaka. Tembo vilevile ni kitu cha heshima. Kwa Wamijikenda posa haiendi bila kadzama, na akina mama wa Kiswahili tangu zamani wameumulia unga kwa tembo. Lakini desturi hiyo hiyo ilikuwa na ua. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya pombe katika Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba zamani katika sehemu nyingi pombe ilikuwa haki ya wazee wanaume, na vijana walizuiwa. Pengine wazee hawakuwazuia kwa kuwahurumia. Walitaka kinywaji kiwe chao na ukubwa uwe wao! Haidhuru, ua ulikuwapo. Tulipoanza kuuza tembo kwa fedha tuliuacha ua ukaanguka, tukabaki na tembo.

Baya kuliko yote ni kumfanya mtoto kuwa mchukuzi na mwuzaji. Wengi wasema, "Lakini anachukua tembo tamu, nalo si pombe." Mgema ashukapo na kotama yake, tembo lile tayari limeanza kuumuka, kwa sababu hamira ya asili imo hewani na imo ndani ya mtungi wa jana. Kwa muda wa saa chache tu lafikia nguvu iliyo karibu na ile ya bia. Mtoto aliyelichukua saa moja asubuhi na kulionja njiani saa tatu ameonja pombe, na mwuzaji akimwambia aonje ili ajue kama limekolea, amefundishwa kazi ya kunywa na mtu mzima anayemheshimu. Hapo hakuna genge, wala hakuna babu.

Sheria nayo haina shaka. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 yakataza kumwuzia au kumpa kileo mtu asiyefika miaka 18, na yakataza kumruhusu aingie mahali kinapotengenezwa, kinapowekwa na kinaponywewa. Mwaka 2025 sera mpya ya taifa ilipendekeza umri huo upandishwe hadi 21. Wengi waliicheka, wakisema kwamba mtu wa miaka 18 apiga kura. Mimi sikucheka, kwa ajili ya hesabu hii: uchunguzi mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba katika watu walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15, kama 40 katika kila 100 walipata kufungwa na pombe wakati fulani wa maisha yao, na katika wale waliongoja mpaka miaka 20, kama 10 tu. Wataalamu wengine walionya baadaye, na onyo lao ni la haki, kwamba si yote yaletwayo na kuanza mapema, maana yule anayeanza mapema mara nyingi alikuwa na matatizo au urithi mzito tangu awali. Hata ukipunguza hiyo sehemu, kungoja hakumdhuru mtu, na kuanza mapema hakujamfaa yeyote.

Tena kijana aliyezoea tembo akiwa na miaka 14 haishii kwenye tembo. Huenda kwenye chang'aa, kisha kwenye vichupa ambavyo hakuna ajuaye vimetiwa nini. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa kwa siku chache kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Februari 2024 watu walikufa tena huko Kirinyaga kwa pombe mbaya. Tembo la mgema halina methanoli ya kuua, lakini ndilo ngazi ya chini kwa vijana wengi wa pwani.

Basi tufanye nini? Mwenye minazi amtoe mtoto katika njia ya tembo kabisa. Mtungi uchukuliwe na mtu mzima, hata kama lazima alipwe. Kazi za mtoto katika minazi ziko nyingi: kuokota nazi, kufua, kusuka makuti, kuuza madafu barabarani. Mkimpa kijana minazi mitano isiyogemwa awe mwenye mazao yake na fedha yake, mtaona atakavyowafukuza wenyewe wale wanaotaka kukaa chini yake. Fedha si nyingi, lakini ni zake, na zatoka kwa nazi.

Baba anayekunywa simwambii aache leo. Namwambia asimtume mtoto kumletea. Hilo dogo hata mlevi aliweza.

Wazazi wajue majina ya rafiki za watoto wao, na majina ya wazazi wa rafiki hao. Katika skimu hili ni gumu kuliko vijijini, kwa kuwa tumetoka pande nyingi, Mgiriama jirani na Mkamba, Mdigo jirani na Mtaita, na kila mmoja huona haya kumkanya mtoto wa mwenzake. Mwaka 2007 wale wataalamu wa mapacha wa Finland walionyesha juu ya sigara jambo linalofaa hapa: nyumba ambazo wazazi walijua mtoto yuko wapi na yuko na nani, urithi ulikuwa na nguvu ndogo kuliko nyumba ambazo hawakujua. Kuuliza "umetoka wapi?" si ukali. Ni ua.

Nyumba ambayo kweli ina historia ya ulevi, msimtukane kijana kwa babu yake. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba amezaliwa mlevi huona hana la kupoteza, naye hukubaliwa mahali pamoja tu, penye genge. Mwambieni kwa upole, kama mnavyomwambia mtoto ambaye nyumba yao ina ugonjwa wa sukari: "Babu yako pombe ilimshinda. Huenda nawe una kichwa kama chake. Ukiona wenzako wamelewa na wewe hujaona kitu, jua kwamba hiyo si nguvu." Maneno hayo yasemwe mapema, kabla ya miaka 13, na yasemwe kwa msichana pia. Tumezoea kumwangalia mvulana tu, na msichana hunywa kwa siri mpaka mambo yameharibika.

Na kwa kijana aliyekwisha fungwa, msimfungie chumbani ili aache kwa nguvu. Anayekunywa sana kila siku akikatazwa ghafla aweza kutetemeka, kuweweseka, hata kushikwa na kifafa, na wengine hufa. Apelekwe kwanza kituo cha afya. NACADA ina simu isiyolipiwa, namba 1192, na Miritini kuna kituo cha kutibu watu wa namna hii, basi wa Changamwe hawana safari ndefu.

Likizo ndefu ya Novemba na Desemba ndiyo miezi ya hatari kuliko yote, kwa sababu watoto wako nyumbani, embe zimeiva, watu wana fedha kidogo, na mangwe zimejaa. Kamati za skimu zakutana kabla ya hapo kwa habari za maji na mipaka. Naziomba ziongeze jambo moja katika shughuli zao: wagema na wauzaji wote waitwe, wakubaliane mbele ya watu kwamba hakuna mtoto atakayechukua mtungi wala kukaa mangweni, na kwamba atakayeonekana na mtoto mangweni mwake jina lake litasomwa katika baraza la chifu. Pia litafutwe shamba moja lisilolimwa ambalo vijana waweza kulitengeneza kuwa uwanja, na mzee mmoja ateuliwe kukaa hapo kila jioni saa kumi na moja, akiwa hajanywa. Kamati zitakazokubaliana hivyo ziache habari zao katika ofisi ya kilimo iliyo karibu, nasi tutazipeleka kwa mhariri zipate kuchapwa.